Rangi za Bendera kwenye Silinda

"Rangi ni rangi tu, Mama," Marselino alirudia. "Haiwezi kuharibu injini."

"Umeipima?"

Mie nilikuwa naizunguka ile injini bandani, siwezi kutulia. Saa tisa mwanangu alitakiwa kuiwasha kwa kuzungusha pangaboi la mbao kwa mkono, mbele ya umati wa Sabasaba.

Injini hiyo ya ndege kuukuu tuliikuta kwenye ghala la shamba la mkonge, tukaifufua karakanani kwetu Keko. Injini za aina hiyo, silinda zenyewe huzunguka pamoja na pangaboi, na upepo wa kuzunguka ndio unaozipoza. Moja ikizidi wenzake uzito, injini hutetemeka mpaka ijing'oe. Kwa hiyo tulizipima zote kwenye mizani, tukapunguza chuma kwa tupa hadi zikalingana.

Asubuhi nilipokwenda kutafuta mafuta ya nyonyo ya kuilainisha, Bwana Fakihi, katibu wa tawi la chama, akaleta ndoo za rangi. Akamwambia Marselino azipake silinda rangi za bendera. Akazipaka.

"Hapa pa kijani umerudia mara tatu," nikamwonyesha. "Njano umepitisha mara moja. Uzito umelalia upande. Na haya mapezi yanayotoa joto yamezibwa. Litatokea wapi?"

"Iwake dakika moja tu. Nimewaalika walimu wangu. Nitasimama pembeni."

"Anayezungusha pangaboi hasimami pembeni."

Bwana Fakihi akaingia, akijifuta jasho. "Mama Marselino, wageni wameshakaa. Wanangoja mngurumo."

"Leo hakuna mngurumo. Nazikwangua hizi rangi."

"Unakwangua bendera?"

"Bendera inapandishwa mlingotini, Bwana Fakihi. Haiokwi kwenye silinda."

"Nitawaambia wewe ndiye uliyeharibu sherehe."

"Waambie. Tumia kipaza sauti, wasikie mpaka Kawe."

Marselino akamtazama yeye, akanitazama mimi. Nje walishaanza kupiga makofi ya kuharakisha. Nilijua nikimwacha na Fakihi kidogo tu, atalishika lile pangaboi.

Nikachukua spana, nikapanda juu ya kreti, nikafungua nati za pangaboi moja baada ya nyingine. Nje mbinja zikapigwa.

"Shika upande huo," nikamwambia mwanangu.

Akashika. Tukaliteremsha, tukalilaza majanini. Nikachovya brashi ya waya kwenye mafuta ya taa, nikaanza na silinda za kijani.