Ndege ya Saa Saba

Ngendo alishona sare za shule katika chumba cha kupanga pale Majengo, Nyeri, nyuma ya msikiti. Kila saa saba mchana aliacha cherehani, akala viazi vyake, kisha akafungua kwenye simu mchezo wa kurusha ndege. Mteja mmoja alikuwa amemwekea, akamwambia unatuliza akili. Tangu kaka yake Kingori apotee, miezi mitano sasa, mguu wa Ngendo ulikanyaga pedali hata cherehani ikiwa haina uzi.

Kingori alikuwa fundi wa ua wa umeme kwenye shamba kubwa la mifugo upande wa Doldol. Mwenye shamba alisema aliacha kazi akaenda zake. Nguo zake zilibaki kitandani.

Jumanne moja ndege ilipaa kama kawaida, ila mji uliokuwa chini ulikuwa Nyeri. Ngendo aliona paa la msikiti na kamba yake mwenyewe ya nguo. Upepo uliingia chumbani ukapeperusha vitambaa, akaviwekea mkasi juu. Akaelekea kaskazini, mlima ukiwa mkono wa kulia, akapita Nanyuki mpaka nyasi zikawa za manjano.

Kwenye kona ya ua alisimama Kingori, amevaa kofia na ile sweta ya bluu. Kando yake palikuwa na tuta la udongo lenye urefu wa mtu. Alitazama juu, akanyoosha kidole kuonyesha tuta.

Ngendo alizunguka mara sita. Hapakuwa na mahali pa kutua. Mafuta yalipopungua alirudi, akamalizia kola mbili.

Kesho yake alipeleka simu kituo cha polisi. Sajini Moffat aliishika kwa mikono miwili akarusha mwenyewe. Upepo ulimvua kofia, akaiokota.

"Huyu ndiye uliripoti amepotea?"

"Ndiye. Hiyo sweta nilimfumia mimi."

"Anatuonyesha kitu."

"Anatuonyesha pahali alizikwa."

"Ati alizikwa? Na huyu amesimama ni nani?"

"Ni yeye."

Moffat alifungua faili. "Sasa dada, niandike nini? Mtu akionekana, si hajapotea."

Akaandika kwamba ameonekana, akafunga faili. Kuhusu kuchimba, alisema lazima mwenye shamba akubali. Alimpigia simu palepale. Mwenye shamba akasema hakuna tuta lolote kwenye kona hiyo. Moffat, ambaye wakati huo alikuwa akiruka juu ya tuta, alimshukuru akakata.

Ngendo aliandika barua nne kwa wakubwa wa Moffat. Alipata jibu moja, lililompongeza kwa kumpata kaka yake.

Mama yao, Wangui, alitoka Kangari akaacha chai yake bila kuchumwa. Alikaa kwenye stuli karibu na Ngendo, akakaza kitambaa cha kichwa, wakapaa.

"Shuka kidogo nione kama amekonda."

"Nikishuka zaidi nitagonga ua, maitu."

"Basi zima hiyo kelele anisikie."

Ngendo alizima injini. Ndege ikateleza kimya juu ya nyasi, na Wangui akaita jina la mwanawe, mara moja tu, kama anavyomwita kutoka jikoni. Kingori alivua kofia. Akabaki ameishika kifuani mpaka injini ilipowashwa tena.

Wangui hakurudi Kangari. Walienda kila siku, hata Jumapili baada ya kanisa.

Mwezi wa sita walikuta wafanyakazi wanne wakikoroga simiti. Tuta lilikuwa limesawazishwa, na juu yake walikuwa wakijenga birika la kunyweshea mifugo. Liliwachukua siku tatu. Siku ya nne lilijazwa maji, na ng'ombe wakaja kwa mstari mrefu.

Kingori aliwatazama wakikaribia. Akasogea hatua moja kuwapisha, akaendelea kuonyesha kwa kidole.