Sakafu ya Pipacs

Pipacs, farasi wa mbio, alivunjika nyonga siku banda lake lilipofunguliwa, mbele ya wageni themanini kutoka Budapest, na aliyefagia majani makavu miguuni pake alikuwa Gáspár, mtu aliyemlea tangu siku alipozaliwa.

Banda lenyewe lilikuwa jumba. Bwana Kálnássy, mwenye farasi, alilijenga kwa zawadi za mbio alizoshinda jike huyo: nguzo nane, vioo vya rangi, hori la marumaru. Sakafu ilikuwa ya mawe mekundu yaliyosuguliwa hadi yakang'aa, na katikati jina PIPACS kwa herufi za shaba. Gáspár alikuwa ameomba udongo wa kushindilia tangu msingi unachimbwa.

"Udongo ni wa ng'ombe, mzee," msanifu alimcheka. "Huyu ni malkia."

"Malkia ana viatu vya chuma. Vaa wewe hivyo, bwana, ucheze dansi hapa tukuone."

Hakusikilizwa. Basi akamwaga majani hadi magotini, na kwa wiki mbili Pipacs, mwenye mimba ya miezi tisa, alilala salama.

Siku ya sherehe Bwana Kálnássy aliingia na glovu nyeupe, akayatazama majani kama ameona matapishi.

"Toa takataka hizi. Watu wamekuja kusoma jina."

"Mheshimiwa, atateleza. Ngoja nimtoe nje kwanza."

"Jina bila farasi nilifanyie nini? Kama unaogopa, mpe Ferenc kamba. Yule hana mdomo."

Ferenc, mtunza farasi mwenzake, alikuwa amelewa tangu asubuhi. Gáspár akachukua ufagio.

Wageni walijaa mlangoni, wakapiga makofi. Pipacs alitulia, kichwa begani kwa Gáspár. Kisha mtu akawaita wapiga fidla ndani, wakaanza wimbo unaopigwa farasi wakipelekwa mstarini. Pipacs akajua anaitwa kukimbia. Akajirusha mbele. Miguu ya nyuma ikaenda kila mmoja upande wake, na mlio wa mfupa ukazizidi fidla.

"Umemshika vibaya!" Bwana Kálnássy alifoka.

"Nimefagia vizuri lakini, mheshimiwa."

Pipacs alipigwa risasi palepale alipolala. Hasara ya siku hiyo: farasi mmoja, miaka kumi na miwili. Mtoto mmoja, aliyetolewa kwa kisu, akapumua mara nne. Kazi ya Gáspár ya miaka ishirini na mitatu, na nyumba iliyokuja na kazi hiyo. Na jiwe moja la sakafu, lililopasuliwa na risasi. Hilo lilibadilishwa wiki ileile.