Kishikio cha Jeconia

Kwa miaka kumi na minane hakuna sanduku lililotoka katika karakana ya Jeconia, pale Makina, bila kishikio chake: vipande viwili vya bati vilivyopishana msalaba, vikasimamishwa wima juu ya kifuniko na kulehemiwa barabara. Ng'ang'a, aliyejifunza ufundi mikononi mwake kisha akafungua karakana katika ploti ya baba yake huko Kawangware, alikuwa akikiiga. Jeconia alimwendea akamkataza mbele ya wateja, na Ng'ang'a akatii. Hata utii ule ulimchoma Jeconia, kwani masanduku ya kijana yaliendelea kununuliwa bila kishikio.

Mwaka wa tisini na mbili, Bwana Kaloki, mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi, alitafuta fundi wa kuajiriwa moja kwa moja. Alikuwa na rada ndogo ya kufundishia, naye alitaka vyombo ambavyo rada ingeshindwa kuviona. Aliwajaribu hao wawili. Jeconia, aliyekuwa na miaka hamsini na minne na bado mpangaji, aliitamani kazi ile kuliko alivyokubali kusema.

Katika jaribio la kwanza alipeleka tufe la bati lililong'arishwa hadi likaonyesha nyuso za watu. Ng'ang'a alileta kitu cha pande zilizolala mshazari, kimepakwa masizi yaliyokandwa kwa gundi ya mpira.

"Hiki ni nini, kijana?" Jeconia aliuliza. "Kimegongwa na lori?"

"Acha mashine iseme, mzee."

Mshale wa kipimo cha rada ulipanda kwa tufe. Kwa kile kibaya ulitikisika kidogo tu, ukalala.

"Tufe huwa na sehemu inayoitazama rada, uligeuze utakavyo," alieleza Kaloki. "Ubavu ulioinama huyatupa mawimbi pembeni, na masizi huyanywa yaliyobaki. Leteni vingine Jumamosi ijayo."

Wiki nzima Jeconia hakula vizuri. Sifa alizopewa Ng'ang'a zilimrudia kila alipogonga nyundo. Alikunja bati mshazari zaidi kuliko lile la Ng'ang'a, akalainisha kila mshono, akapaka masizi mara tatu. Ijumaa jioni kazi ilikamilika, nayo ilikuwa bora; hilo alilijua.

Kisha akaingiwa na hofu. Vyombo viwili vyeusi, vyote vya mshazari: watu si watasema amemwiga mwanafunzi wake? Akachukua vipande viwili vya bati, akavipishanisha, akavilehemu juu palipokuwa bapa.

"Baba Audrey, mwalimu ameomba kishikio?" Mildred, mkewe, aliuliza.

"Hakuomba. Lakini atajua ni cha nani."

Jumamosi, chombo cha Ng'ang'a kiliutikisa mshale kama awali. Kilipowekwa cha Jeconia, mshale uliruka hadi mwisho wa kipimo na kukaa hapo, juu zaidi ya lile tufe. Kaloki alikizunguka mara mbili, akaweka kidole kwenye kishikio.

"Hapa. Bati mbili zimesimama juu ya bapa. Kila pembe ya ndani inalidaka wimbi na kulirudisha lilikotoka. Mabaharia hufunga kitu cha namna hii mlingotini ili waonekane."

Ng'ang'a alitoa mkasi wa bati mfukoni. "Mwalimu, akiondoe, upime tena. Chombo chake ni kizuri kuliko changu."

Kaloki akakubali. Mkasi ulikuwa mbele ya Jeconia. Ilikuwa kukikata kishikio tu. Lakini aliyeunyoosha alikuwa Ng'ang'a, na wema ule hakuweza kuupokea.

"Wewe mbona hukuweka?" aliuliza kwa ukali.

"Si ulinikataza, mzee?"

Jeconia alikwapua chombo chake akaondoka. Kazi ikaenda Kawangware.

Asubuhi ya Jumatatu, peke yake karakanani, alikikata kishikio, akapiga msasa, akapaka masizi mpaka alama ikafutika. Akamwita mkewe.

"Kitazame sasa, Mama Audrey. Rada haiwezi kukiona."

Mildred alikitazama, kisha akamtazama yeye.

"Na rada iko wapi?"