Jokofu Lililotandikiwa Nyasi

Niliporudi Nyaishozi kutoka chuo cha ufundi Mwanza, baba aliniuliza mbele ya majirani nimesomea nini hasa. Nikasema majokofu na viyoyozi. Akataka kujua kiyoyozi ni kitu gani. Nikaeleza, kwa sauti ndogo, kwamba ni mashine ya kutia baridi ndani ya nyumba. Walicheka mpaka mmoja akaweka chini kibuyu chake cha rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Laurensia mwanangu," baba alisema, "huku baridi Mungu anatupa bure kila asubuhi."

Nami nilicheka, maana alisema kweli. Ilikuwa 1985, na umeme wenyewe niliuacha Mwanza. Lakini zahanati zilikuwa zinapewa majokofu ya mafuta ya taa kwa ajili ya chanjo, na mafundi wake walikuwa adimu. Ofisi ya afya ya wilaya, kule Kayanga, wakanichukua kwa majaribio, wakanituma zahanati moja ndogo upande wa Kaisho, ambako jokofu lilikuwa limekataa kupoza.

Mganga wa pale, Polikarpi, alinieleza hali ilivyo. Gari la chanjo lingefika keshokutwa. Likikuta jokofu bado lina joto, litalibeba lirudi Kayanga, na akina mama watarudi kuwabeba watoto mgongoni mwendo wa siku nzima kutafuta sindano. Wengi, alisema, hawatakwenda. Kuhusu mimi hakusema kitu, ila nilijua fundi aliyeshindwa na jokofu la kwanza hapewi la pili.

Jokofu lilikaa pembeni mwa chumba cha kliniki, jeupe, chini yake na kulizunguka kumetandikwa nyasi kavu, nene, zinazonukia, kama tunavyotandika sebuleni kwetu anapotarajiwa mgeni wa heshima. Nilizipenda. Nikavua viatu kabla ya kuzikanyaga. Nikasafisha bomba la moshi lililojaa masizi, nikakata utambi ukawa sawa, nikawasha. Moto ukawaka wa buluu, mzuri, kama tulivyofundishwa. Nikamwambia mganga kwamba kesho litakuwa limepoa.

Kesho yake nikatia mkono ndani. Joto lile lile la chumba.

Nilikaa chini pale pale. Ndipo nikakumbuka kwamba katika mambo ambayo mwalimu alituhimiza kuyatazama kwanza, moja sikulitazama kabisa, kwa sababu sikutaka kuvuruga nyasi za watu. Nikatoa pimamaji kwenye mkoba, nikaiweka juu ya jokofu. Kiputo cha hewa kikakimbilia upande mmoja, kikaganda huko. Nikafunua nyasi kwa mkono. Upande wa tangi la mafuta, ulio mzito, miguu ilikuwa imezama ndani ya nyasi, na jokofu zima lilikuwa limeinama kama mtu anayesikiliza siri.

Mganga alipoona, alitaka kumwita Mama Kokugonza, mama mtu mzima aliyefagia zahanati, amwamuru azoe nyasi zake mara moja. Nikamwomba aniachie mimi. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuomba, maana nilipomkuta mama huyo nyuma ya jengo akipepeta maharage, nilipiga goti kumwamkia na maneno mengine yote yakanipotea.

"Marahaba, mwanangu. Kimepona chombo chetu?"

Akanipa punje za kahawa nitafune. Akaniambia nyasi zile huzikata mwenyewe mlimani na kuzibadilisha kila Jumamosi. Zamani, kabla ya sindano hizi, surua ilimchukulia watoto wawili katika wiki moja. Chombo kinachotunza dawa ya surua, alisema, hakiwezi kusimama kwenye udongo mtupu kama debe.

Nilitafuna kahawa yangu muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Mama," nikasema mwishowe, "ndani ya chombo hiki kuna maji ya dawa yanayozunguka kwenye mabomba. Hayana wa kuyasukuma. Moto unayapandisha, kisha yanashuka yenyewe. Chombo kikiinama, yanasimama njiani. Tena nyasi ziko karibu na moto, siku moja zitashika."

Mikono yake ikaacha kupepeta maharage.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekiua."

"Hakijafa. Kimelala vibaya tu. Ni kama mzee anayeumwa mgongo, mama. Ukimwekea godoro laini humtendei wema."

Alinitazama, kisha akacheka kidogo, akashika kiuno chake. Akasema mume wake ndivyo alivyo, hulala juu ya ubao na kulaumu kila mtu. Akasimama, akakung'uta kitenge. Mawe bapa, alisema, anayajua yalipo.

Tukapanda mlima wawili, tukayateremsha kichwani kwa ngata za majani ya migomba. Mganga alitusaidia kuinua. Tukazoa nyasi zote, tukapanga mawe. Nikaweka kabari ndogo ya mbao hapa, nikaitoa, nikaiweka pale, na Mama Kokugonza akiinamia pimamaji akitaja kiputo kinakokwenda, mpaka kikatulia katikati. Nikawasha moto tena. Nyasi hakuzitupa. Alizitandika upya kuanzia mlangoni hadi kwenye benchi la akina mama, mbali na moto, akaniuliza kwa macho kama pale panafaa. Panafaa sana, nikasema.

Asubuhi ya siku ya gari tulifungua mlango sote watatu. Juu, kwenye kisanduku cha barafu, kulikuwa na ukungu mweupe ulioganda. Mganga akasoma kipimajoto, akasema nyuzi tano, akakisoma tena. Mama Kokugonza aligusa ule weupe kwa kidole, akakirudisha haraka, akakinusa.

Anastazi, dereva, alifika kabla ya saa sita. Akapanga chupa za chanjo ndani kwa utaratibu, akaniambia Kayanga walisema jokofu likipona nipitie zahanati nyingine mbili kabla ya kurudi, naye atanipeleka. Nikabeba mkoba wangu.

"Subiri," Mama Kokugonza akanishika mkono. "Ukiondoka, utambi nani ataukata? Nionyeshe."

Anastazi alipiga honi. Nikaweka mkoba chini, nikampa mkasi.