Kosa Lililotoka Ikinga

"Andika ndiyo," Gwantwa alisema, macho yakiwa kwenye ungo wa maharage.

"Mama, Osward anasema nijibu hapana."

"Osward ndiye anayekwenda Kanada?"

Lusubilo alicheka kidogo, akaacha. Ombi lake la ukaazi lilikuwa limejazwa lote kwenye simu, limebaki swali moja tu: je, amewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote, katika nchi yoyote? Mkewe Anyitike alikuwa kule tayari, muuguzi, pamoja na binti yao ambaye sasa alimjua baba yake kwa sura ya kwenye simu. Osward, mwenye kibanda cha kujazia watu maombi pale Tunduma mjini, alimwambia kwa moyo mweupe kabisa: ulilipa faini, hukufungwa, huna kesi. Na nani angembishia? Madereva wote wa barabara ya mpakani walihesabu hivyo. Ukishalipa faini unapewa risiti, unawasha gari, habari imekwisha. Hatia ni ya waliolala gerezani.

"Hakimu alisemaje siku ile?" Gwantwa akauliza.

"Alisema nilipe faini au..."

"Kabla ya faini."

Lusubilo akayatazama malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani. "Alisema nina hatia."

"Haya. Kumbe unakumbuka."

Gwantwa mwenyewe alikumbuka mengi kuliko hayo. Alikumbuka kijijini Ikinga, ulezi umeshavunwa, ua umefagiliwa, chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi, katikati na wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake. Lusubilo alikuwa amepata kazi ya kuendesha pikapu ya mfanyabiashara wa kahawa. Kwa wazee wale, mtoto anayekwenda kutafuta maisha haondoki kabla baba hajampa mrija wake mwenyewe anywe. Kuukataa ni kama kumwambia mzazi humhitaji tena. Nsajigwa, mumewe, alisogea kwenye kigoda ili mwanawe apate nafasi.

Kuonja tu kungetosha. Lakini hadithi zilikuwa tamu, maji ya moto yaliongezwa chunguni tena na tena, na jua lilikuwa zuri juu ya vilima vya Ileje. Gwantwa hakuwa mtu wa kuvumilia vikao vya pombe, ila siku ile aliketi mlangoni akimsikiliza mumewe akicheka. Sasa, tangu walipomzika Nsajigwa, hakuna sauti aliyoitamani kama ile.

Jioni ileile trafiki walimsimamisha Lusubilo na pikapu akiingia Mpemba, wakampulizisha kifaa chao cha kupima pombe. Hakuwa amegonga mtu. Bahati tu, Gwantwa alimwambia wakati ule, na hakumwambia kwa upole.

Siku ya kesi Nsajigwa alishuka kutoka Ikinga na koti lake la kanisani, akasimama mahakamani bila kuitwa. "Mheshimiwa, mrija nilimpa mimi."

"Na usukani, mzee, ulimpa wewe?" hakimu akauliza.

Watu wote wakacheka, na Nsajigwa akacheka nao, akaketi.

"Nikijibu ndiyo watataka maelezo," Lusubilo alisema sasa. "Niandike nini? Kwamba baba alininywesha? Watu wasiomjua wamsome kama mlevi?"

Kumbe ni hilo. Gwantwa akauweka ungo chini.

"Gwe Lusubilo, nani kakuambia umtaje? Ulikunywa mwenyewe, ukaendesha mwenyewe. Andika hilo. Baba yako mwache apumzike."

"Watanikatalia."

"Wanaweza. Mkeo ameuliza wakili. Kule kuendesha umelewa ni kosa zito, si mchezo. Lakini miaka ikipita na mtu ametulia, kuna namna ya kuomba wakufikirie. Ukiwadanganya, wakagundua, hapo mlango wanaufunga wenyewe. Sasa chagua, nina maharage ya kupika."

Akaandika. Alifuta, akaandika tena, maneno machache yasiyo na baba ndani yake. Alipomaliza alimpigia Anyitike, akamwambia kwamba amejibu ndiyo, na kwamba safari huenda ikachelewa sana, huenda isiwepo.

"Nilikuwa naogopa utamsikiliza Osward," Anyitike akasema, na sauti yake haikuwa ya furaha wala ya hasira. "Ongea na mwanao."

Mtoto akaja na Kiswahili chake kilichoanza kuchakaa. "Baba, unakuja lini?"

Lusubilo akamtazama mama yake.

"Mwambie ukweli," Gwantwa alisema. "Si umeshaanza."

"Sijui, mwanangu," Lusubilo akasema, akaisogeza simu karibu na uso ili mtoto amwone vizuri. "Nimewaomba. Bado sijui."