Meno ya Kenukenu

Katika nchi ya Kenukenu, iliyojaaliwa mito, mabonde na meno, adabu ya mtu ilipimwa kwa kinywa chake: raia alimwamkia jirani kwa kuonyesha meno ya mbele, akamwamkia diwani mpaka magego, na mbele ya Sultani Majikwezo alikenua mpaka machozi yakamtoka. Kufumba mdomo barazani kulikuwa uasi, na mwasi alipandishwa punda akatupwa jangwani Kauka. Wenye mafua walipata taabu sana.

Fahari ya nchi hiyo ilikuwa nyani wa Jabali la Staha. Wageni walitoka mbali kuwatazama wakitoana chawa, watoto wakiwa wamepanda migongo ya mama zao kama wapanda farasi, na dume mkubwa akiwa juu ya mwamba anapiga miayo.

"Anawaamkia," wenyeji waliwaambia. "Kwetu hata mnyama ana adabu."

Bwana Tahadhari, aliyekuwa akiwatembeza wageni, alijua fika kwamba ile haikuwa salamu. Dume akikukazia macho na kukutolea chonge, anakuambia uondoke. Lakini alinyamaza, kwa kuwa alikwisha kuahidiwa uwaziri na joho lake lilikuwa kwa fundi. Alichofanya ni kuwarudisha wageni nyuma kwa kisingizio cha jua kali.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Sultani alipotangaza kwamba atafika mwenyewe kuitikia salamu ya nyani.

"Sogea kidogo tena, Maulana," alihimiza Waziri Naam, akiwa yeye amesimama mbali, ameshika sinia la tende za kumtunza nyani. "Anakuchekea huyo!"

Sultani akasogea, akakenua. Dume akainua nyusi, kope zake nyeupe zikaonekana, manyoya ya mabega yakasimama. Akapiga mwayo mrefu kuliko wa siku zote. Tahadhari akaliona akilini joho lake, akamwona punda, kisha akaziona zile chonge.

"Maulana, fumba mdomo!" akapiga kelele. "Fumba mdomo, tazama chini, rudi nyuma!"

Sultani hakuwahi kuambiwa hivyo tangu azaliwe. Kwa mshangao tu, akafumba na kurudi nyuma. Dume akalegeza mabega, akateremka, akakomba tende zote kwenye sinia la Waziri, akarudi mwambani kwake.

Kesi ikasikilizwa papo hapo, punda akiwa tayari amefungwa matandiko.

"Ulimwambia nani afumbe mdomo?" aliuliza Naam.

"Sultani."

"Kwa sauti gani?"

"Kubwa. Ningenong'ona, angeng'atwa."

Wageni wakacheka. Wakuu wa nchi wakazidi kukenua. Sultani akainua mkono.

"Tahadhari, yule alikuwa ananiamkia?"

"Alikuwa anakufukuza, Maulana."

"Na yule nyani mdogo pale, aliyejikunyata mbele ya dume na kumkenulia?"

"Huyo anaogopa."

Bi Udadisi, mmoja wa wageni, hakuweza kujizuia. "Basi hawa walio nyuma yako, Sultani, wanakufukuza au wanaogopa?"

Sultani akageuka. Safu nzima ya wakuu ilikuwa inang'aa kwa meno, na ya Naam yalizidi yote.

"Waziri," akasema taratibu, "wewe lako ni lipi?"

Naam alitaka kujibu, lakini jibu lilihitaji midomo, na midomo ilikuwa kazini.

"Fumbeni," akasema Sultani.

Wakafumba mmoja mmoja, wakisugua mashavu. Hapo ndipo Majikwezo alipoyaona macho yao kwa mara ya kwanza, na si yote yaliyompendeza. Akaamuru punda avuliwe matandiko.

"Joho utalipata, Tahadhari. Utakaa karibu nami. Haya, nianze kukuzoea: kilemba hiki kinanikaa vizuri?"

"Hapana, Maulana. Unafanana na kikapu kilichofunikwa."

Sultani akaanza kukenua, akamkumbuka yule dume, akafumba mdomo.