Mwanga wa Kutosha Sindano

Bi Mkasi, kama wateja walivyozoea kumwita, hakuwa na ugomvi na mumewe ila mmoja tu: paa la kibaraza cha vioo. Kibaraza chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba, madirisha pande tatu, na juu kimeezekwa plastiki angavu iliyokwisha kupauka na kupasuka. Jua likiwaka, mtu alikaangwa humo mzimamzima. Mvua ikinyesha, maji yalipenya pale paa lilipokutana na ukuta wa nyumba, na Bi Mkasi, aliyeshonea humo, akawa mtu wa kukokota cherehani huku na huko.

Mumewe, dereva mstaafu, alishakata shauri. "Tunaezeka vigae, tumalize kazi."

"Na mimi nishone kwa kupapasa?"

"Si kuna taa?"

"Kwa taa sitofautishi uzi mweusi na wa buluu. Nikimharibia mtu suti, utakwenda wewe kumbembeleza."

Fundi wa paa alipokuja, aligongagonga nguzo, akapanda ngazi, akashuka anajifuta mikono. "Mzee, nguzo ni nzima, ila vigae vitazielemea. Wekeni mabati, na dari chini yake kukata joto. Sehemu nyingine tunaweza kuweka plastiki mpya, mama apate mwanga. Kesho mniambie iwe wapi."

Wapi, ndiyo ilikuwa kazi. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Bi Mkasi akafungua kabati na kutoa mablanketi yote ya nyumba.

"Panda ufunike," alimwambia mumewe. "Nataka kuliona hilo giza lako."

Mzee alipanda kwa ngazi kwenye paa la nyumba, ambalo lilikuwa la zege, bapa kama meza, akaanza kuyasukuma mablanketi juu ya plastiki ya kibaraza kwa mpini wa fagio. Bi Mkasi alikaa kwenye cherehani akijaribu kutunga uzi. Blanketi la mwisho lilipofika, tundu la sindano likapotea kabisa.

"Rudisha la upande wa bustani!" akapaza sauti. "Kidogo tena. Basi, hapo hapo."

Uzi ukapita. Akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akachora sakafuni pale kivuli kilipoishia. Kisha akasogeza kiti upande wa kivuli, aone tu palivyo. Palikuwa na ubaridi mtamu. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa humo mchana bila kujipepea. Alifumba macho kidogo, akionja, huku akipanga namna ya kumkubalia mumewe bila kumpa kichwa.

Aliyemwamsha alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi nyumba ya jirani.

"Wifi, umemfukuza kaka yangu mpaka juu ya paa?"

Bi Mkasi akakurupuka. Nje, ngazi ilikuwa imelala chali kwenye majani, na mzee ameketi ukingoni mwa zege, kajitanda blanketi kichwani kujikinga na jua.

"Nimeita mpaka sauti imekauka," alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kata tamaa. "Nikadhani bado unapima."

"Nilikuwa napima," alijibu Bi Mkasi, akiinua ngazi. "Kivuli chako kizuri, mume wangu. Kimenilaza."

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mzee, akishuka ngazi kwa tahadhari, mabega yalikuwa yakimtikisika.

Kesho yake fundi alitazama ule mstari wa chaki, akainua macho kwenye mbao za juu, akausogeza kiasi cha kiganja ili plastiki ikae sawa juu ya boriti. "Hii ramani inatosha," alisema.

Paa lilipokamilika, cherehani ilikaa kwenye mwanga na kiti cha mzee kwenye kivuli. Tatizo lililobaki lilikuwa la wifi. Alikuja siku ya kwanza kupongeza, akajinyoosha kwenye kile kiti, na adhuhuri mzee akaonekana akizunguka nyumba nzima akitafuta pa kukaa.